Karakana ya Magurudumu Mawili

Mume wangu alipopoteza masikio, ndoa yetu ilikuwa bado changa. Homa ilimshika mwanzoni mwa mvua, homa ya kutikisa kitanda, akanyweshwa kwinini siku baada ya siku, na homa ilipoondoka haikuondoka peke yake. Asubuhi ile alinitazama nikiongea, akacheka, akadhani namtania kwa kuchezesha midomo bila sauti. Nilikuwa namwuliza kama atakunywa uji.

Alikuwa fundi kwenye karakana ya treni, ng'ambo ya mto, Lubunga. Mtu asiyesikia filimbi hawezi kutembea katikati ya mabehewa yanayosukumwa. Hilo hata yeye alilijua, na hakulalamika. Waliagana kwa heshima, akavuka mto na sanduku lake la vifaa begani, akaketi uani petu Kisangani, mtaa wa Tshopo, akitengeneza baiskeli na cherehani za majirani. Kazi ilikuwa ndogo kwa mikono ile. Nilimwona akimaliza baiskeli na kubaki nayo, anazungusha pedeli, anazungusha tena, hana haraka ya kumwita mwenyewe. Moyo uliniuma kumwona hivyo, na mimi moyo ukiniuma huwa nagombana na sufuria.

Kuongea hatukushindwa. Mimi nimezaliwa kwenye maporomoko, katika familia ya wavuvi. Kwetu wanaume hufanya kazi juu ya magogo yaliyosimikwa katikati ya maji, na maji yale hayanyamazi mchana wala usiku. Ukipiga kelele, sauti inaliwa hapo hapo mdomoni. Kwa hiyo kazini tunaongea kwa mikono: ngoja, vuta, nyanyua, samaki yupo, samaki hayupo, mpumbavu wewe. Juu ya magogo yale kila mtu ni kiziwi, na sijawahi kuona mtu akimhurumia mwenzake kwa sababu hiyo. Mume wangu alikuwa mtu wa Maniema, mtu wa nchi kavu, lakini ishara hizo alizishika haraka, akaongeza na zake. Mvua zilipopungua tulikuwa tunaweza kugombana vizuri kabisa bila neno.

Tatizo halikuwa mimi na yeye. Tatizo lilikuwa wenye mashini. Waliomjua tangu zamani walimpa mkono, wakamwuliza hali kwa kupaza sauti kama kwamba ukiziwi ni umbali, halafu wakapeleka injini zao kwingine. Fundi husikiliza injini, walisema. Huyu atasikiliza nini?

Wazo la remoroki lilitoka kwake. Remoroki ndivyo tulivyoita tela ya kukokotwa nyuma ya lori. Baiskeli inaweza kuletwa ikisukumwa, lakini mashini ya kukoboa mpunga haina miguu. Kando ya barabara ya Yangambi kulikuwa na mashini za namna hiyo, na pampu, na malori yaliyokufa mahali pabaya, na kila kilichoharibika kilisubiri kipande kipelekwe mjini na kurudi. Yeye alitaka karakana nzima iende, na jiliwa lake la kubania vyuma, na fuawe la kufulia, na tupa, ifunguliwe mlangoni pa mgonjwa. Alinichorea chini kwa ncha ya msumari: sanduku, magurudumu mawili, ubavu mmoja unaoshuka na kuwa meza. Nikamwuliza kwa mikono nani ataikokota. Akachora lori. Lori la nani? Akafuta mchoro wote kwa kiatu, akaanza upya, safari hii bila lori.

Nyuma ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi kulikuwa na lori bovu lililomezwa na majani, mali ya Mzungu mmoja wa kahawa. Mume wangu alimtengenezea pampu ya maji, akapewa ekseli ya nyuma na magurudumu yake. Tuliileta nyumbani ikisukumwa na majirani, na kila mtu njiani alikuwa na shauri la kutoa. Mbao alizitoa kwenye masanduku makubwa ya kupakilia mizigo ya meli, na fremu akaifunga kwa vyuma chakavu. Siku nyingi uani pakawa hapana nafasi hata ya kutwangia sombe, majani yetu ya muhogo.

Ndani ya remoroki ndimo nilimofahamu jinsi alivyofikiri. Fundi mwenye masikio akiangusha spana, anaisikia ikilia chini. Yeye alikuwa akigundua jioni kwamba kitu kimepotea, akaanza kupekua mchanga kwa vidole, na hasira. Basi akapaka mbao rangi nyeupe, akaning'iniza kila kifaa kwenye kitanzi cha ngozi, na mimi nikazungushia kila kifaa mstari mweusi, ili kikiondoka umbo lake libaki likitudai. Juu ya jiliwa alifunga kioo cha pembeni cha lori, apate kuona anayemjia kwa nyuma, kwa sababu hakuna kilichomkera kama kushikwa bega ghafla. Paa akataka la bati. Nikamwambia bati na mvua ya Kisangani, tutalala humo namna gani? Akacheka mpaka akakaa chini. Yeye angelala vizuri sana.

Papa yangu, yule mvuvi aliyenizaa, alikuja kutoka maporomoko kutazama. Aliitikisa nguzo ya jiliwa, akaona boliti, akaguna. Kesho yake akarudi na kamba za msituni, zile wanazofungia magogo yasichukuliwe na maji, akaifunga nguzo juu ya boliti bila kumwomba mtu ruhusa. Mume wangu alimwacha afunge. Alipokwisha kwenda, akaijaribu kamba kwa uzito wake wote, akanipigia ishara kwamba mzee hana adabu lakini ana akili.

Wifi yangu alitukuta katika hali hiyo. Habari zilikuwa zimefika Maniema kwamba ndugu yao ameharibika masikio na kazi imekwisha, na huyu, dada yake mkubwa, akapanda meli na treni kuja kumchukua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kitenge safi wakati wote na ukimya wa kumfanya mwenyeji ajione ana kosa. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Siku ya pili aliniita.

"Wifi, ndugu yangu iko mugonjwa," akasema. "Mugonjwa anakaa kwabo, pembeni ya ndugu zake. Mwezi ukiandama, nitarudi naye."

"Na mimi?"

"Weye uko bado kijana. Na mutoto hamuna."

Alilisema bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma. Laiti angekuwa mbaya! Ningemchukia nikapumzika. Lakini nilimwona akimkatia ndugu yake nyama vipande vidogo, mtu mzima mwenye mikono ya kunyoosha chuma, na yeye akivila kwa heshima ya dada. Kidogo kidogo alikuwa anamfanya mgonjwa, na yeye kidogo kidogo alikuwa anakubali. Baada ya chakula hakurudi kwenye remoroki. Aliketi. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa wakati wa homa.

Ishara zetu wifi alizichukia. Kwake mwanamke wa kurusha mikono na kukunja sura mbele ya mume hakufundwa. Mara moja alimwonya ndugu yake kuhusu kupanda juu ya paa lile la bati, akamaliza kwa methali: "Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu!"

"Wifi," nikamwambia, "huyu hasikii la mukubwa wala la mudogo."

Akanitazama. Niliona kicheko kikimpanda mpaka kwenye mashavu, na niliona alivyokirudisha chini kwa nguvu. Tangu siku hiyo nikajua kuna mtu ndani ya kitenge kile.

Mimi mwenyewe nilikwenda kumtafuta mwenye lori. Alikuwa mfanyabiashara wa kwao Maniema, mtu mzima, mswalihina, aliyenunua mpunga barabara ya Yangambi akiendesha lori lake mwenyewe. Mbele ya mto Lindi alikuwa na mashini yake ya kukobolea, na mashini hiyo ilikuwa inaumwa: inawaka, inazunguka, halafu ikipewa mpunga inagonga na kuchoka. Mpunga ulikuwa umemjaa kibandani, na mvua haikuwa mbali.

"Mama, usinikasirikie," akaniambia. "Lakini mutu asiyesikia, atasikia moteri namna gani?"

"Mimi niko masikio yake."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akachana ndevu kwa vidole, namna wazee wanavyofanya wakitafuta njia ya kukataa kwa upole, na asiione.

"Bon. Nitaikokota safari moja. Kama mashini yangu inapona, nitaikokota sezoni muzima. Kama haiponi, nitawarudishia remoroki yenu ku lupango, pale uani kwenu, na weye hautanikasirikia."

Wifi alipopata habari alisema hilo ni jema, na yeye atakwenda. Akiona kwa macho yake mwenyewe kwamba ndugu yake anaweza kazi, atarudi Maniema peke yake. Akiona hawezi, basi nisimzuie tena. Nikakubali. Ningefanya nini? Nilimweleza mume wangu kwa mikono mambo yote mawili, ya mashini na ya dada. Aliingia ndani ya remoroki, akaanza kunoa patasi ambazo zilikuwa kali tayari.

Tukaondoka asubuhi, yule mzee wa mpunga kwenye usukani, sisi watatu nyuma juu ya magunia matupu, remoroki ikitufuata kwa mnyororo. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa mtu wa treni. Mume wangu alikuwa amejenga behewa, wago kwa lugha ya Lubunga. Behewa lina reli. Halichagui njia, na mnyororo unalitosha. Isitoshe alikuwa ameweka fuawe nyuma kabisa ili uzito wa mbele na wa nyuma ulingane, kama walivyozoea Lubunga. Barabarani remoroki ilianza kuyumba, ikitafuta mtaro wa huku, ikitafuta wa kule. Mahali pa tambarare ilivumilika. Tulipoanza kuteremka kwenda kwenye kivuko cha Lindi, mnyororo ukalegea, remoroki ikaona mteremko, ikatujia.

Iligonga lori mgongoni. Ikarudi nyuma, ikagonga tena. Wifi alisimama akimpigia ndugu yake kelele, "Shika! Shika!" akasahau kwamba hasikii, akasahau na kwamba hakuna mtu wa kushika kitu cha namna ile. Kisha remoroki ikageuka ubavu, ikaingia kwenye majani, ikalala kwenye ukingo wa udongo na gurudumu moja hewani likizunguka taratibu.

Mzee alishuka, akatazama lori lake, hakusema neno la matusi. Wifi akaketi chini kando ya barabara, amefunika mdomo kwa kitenge. "Umeona?" akaniambia. "Umeona, wifi?" Nilikuwa nimeona. Mume wangu alikuwa amekwisha ingia ndani kwa magoti. Alitoka akiwa na kioo mkononi, kizima, na usoni ana aibu na kicheko kwa pamoja.

"Nilijenga wago!" akamwambia dada yake, kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima. "Yaya, nilijenga wago, sikujenga remoroki!"

Watu wa kivuko walipanda kutusaidia. Mume wangu alikata mti mgumu, akauchonga kuwa mkono wa kukokotea badala ya mnyororo, akahamisha fuawe mbele, akaifunga kwa mabaki ya kamba ya papa yangu. Jua lilikuwa limesogea sana tulipovuka, na remoroki ilifuata lori kwa adabu mpaka mwisho wa safari. Ila wifi alikuwa amekaa upande wake peke yake.

Kibandani tuliwakuta wanawake wengi na vikapu vya mpunga, wamechoka kungoja. Mume wangu alishusha ubavu wa remoroki ukawa meza, akapangusa mikono, akaiwasha injini. Ilikuwa na gurudumu zito la chuma pembeni, refu kufika kiunoni kwangu, na mkanda wa kwenda kwenye kikoboleo. Yeye aliweka kiganja kimoja juu ya injini, na mimi nikasimama nyuma yake, nikaanza kumpigia mgongoni kile nilichosikia. Tulikuwa tumejizoeza uani kwa cherehani na kwa lori la jirani. Mlio mzito nilimpiga kwa kiganja, mwepesi kwa vidole, na kukwaruza nilimkwaruza kwa kucha. Wanawake waliacha kunung'unika, wakabaki kutazama mke anayempiga mumewe hadharani naye ametulia.

Nilimpigia mgongoni mlio mzito: gu, gu, gu, pale injini ilipokuwa inakula mpunga. Akaitikia kwa kichwa. Alisema ni beringi ya mkono mkubwa, ile inayoshika mhimili. Akaifungua injini, kazi ya mchana uliobaki wote, jasho likimdondoka kwenye kidevu. Beringi ilikuwa nzima. Alinionyesha: imeng'aa, haina hata mkwaruzo. Akairudisha, akafunga, akawasha, na kabla sijamgusa mgongo alikuwa amekwisha usoma uso wangu. Gu, gu, gu.

"Haizuru," mzee akasema, na upole wake uliniumiza kuliko tusi. "Kesho asubui tutarudi mujini."

Mume wangu alipanga vifaa vyake, kila kimoja kwenye umbo lake jeusi, akafunga ubavu wa remoroki. Hakunitazama. Wifi alimletea maji ya kunawa, akamshikia bakuli, akamfuta mikono kwa kitenge chake mwenyewe, kidole kwa kidole, na yeye akamwachia. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia kwa hasira. Nililia kwa sababu niliona ameanza kuondoka.

Asubuhi, wakati mzee anakagua matairi, wanawake walikuwa wamechoka kungoja chuma. Walikuwa wamechukua vinu na michi, watatu kwa kila kinu, wanatwanga. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini wifi yangu hakungoja kupewa. Mkono wake haukuweza kukaa bure mbele ya kinu. Alichukua mchi, akajiunga na wawili, wakawa wanapokezana, mmoja akishuka mwingine anapanda. Alitwanga vizuri sana. Kwao Maniema ni nchi ya mpunga, amekulia humo.

Mzee akasema tujaribu mashini mara ya mwisho, angalau ikoboe kidogo bila kuibebesha sana, awasaidie wale mama. Akaiwasha. Wifi alitwanga mara chache, kisha mchi wake ukakaa hewani. Wenzake wakakoroga mapigo, wakaacha.

"Wifi," akaniita. "Weye unamupigia michi miwili ya moteri?"

"Mmoja. Iko moja tu, ule wa nguvu."

"Hapana. Sikiliza." Alikuwa ameinamisha kichwa. "Iko mwingine. Mudogo. Unakuya nyuma, unachelewa. Ni kama mama wa tatu ku kinu, anachelewa."

Nilisikiliza mpaka meno yakauma. Sikusikia. Masikio yangu yamelelewa na maporomoko: makelele nayajua yote, lakini kitu kidogo kinachochelewa kwa nusu ya pumzi hayakufundishwa kukitafuta. Yeye alikuwa ametwanga na wenzake wawili kwenye kinu kimoja tangu utoto, na ukichelewa pale unavunja mkono wa mwenzako.

"Umupigie weye," nikamwambia.

Akasita. Alikuwa amemfuta mikono, amemkatia nyama, lakini mgongo wa ndugu mwanamume, tangu alipotahiriwa, hakuwa ameugusa. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, wifi yangu yule, mimi! Kisha akaweka mchi chini, akapangusa viganja, akaenda akasimama nyuma yake. Akampiga. Kiganja, na baada yake kidogo, kwa ncha za vidole, pigo jingine. Kiganja, na vidole. Kiganja, na vidole.

Mume wangu alikauka. Aliujua mkono ule si wangu. "Yaya?" akasema bila kugeuka. Kisha: "Tena." Dada yake akapiga tena, macho amefumba. Niliona mgongo wa mume wangu ukinyooka pingili kwa pingili, wala sisemi kwa kupamba, niliuona.

Aliizima injini. Hakugusa beringi, hakugusa kifuniko. Alishika lile gurudumu zito kwa mikono miwili, akalitikisa mbele na nyuma, polepole, akiutazama mhimili. Gurudumu likacheza. Unene wa ukucha tu, lakini lilicheza, na mhimili ulibaki palepale. Kati ya gurudumu na mhimili kuna kipande kidogo cha chuma kinachovifunga viwili hivyo vizunguke pamoja. Mafundi hukiita klaveti. Kilikuwa kimelika. Injini ilivuta, gurudumu likafuata limechelewa, likagonga. Aliangua kicheko, akampiga dada yake kofi la bega, jambo ambalo nalo halikuwahi kutokea.

Basi ikawa siku ya remoroki. Ubavu ukashuka. Akakata kipande cha chuma kigumu, akakibana kwenye jiliwa, akaanza kukipiga tupa, anakipima, anakirudisha, anakipiga tupa tena. Kama isingekuwa jiliwa lile kusimama pale barabarani, klaveti ingekwenda Kisangani na kurudi, na mvua ingefika kwanza. Kila alipogeuza mkono bila kutazama, wifi alikuwa ameshatoa kifaa kwenye kitanzi chake, na alipokipokea tena alikirudisha palepale kwenye mstari mweusi. Mara moja nilimfuma anajitengeneza kilemba kwenye kioo cha lori.

Mashini ilipowaka na kubebeshwa mpunga, haikugonga. Wifi alisikiliza muda mrefu kuliko sisi wote, mkono juu. Halafu akaushusha. Mchele ulitoka mweupe, wanawake wakapiga vigelegele, na mzee akatia mkono kwenye mchele akaupeperusha vidoleni.

"Bon," akasema. "Nikimaliza huku, tutashika njia ya Buta. Kule mashini beko nazo mingi."

Mwezi uliandama. Wifi alikuwa amesema atarudi mwezi ukiandama, na yeye hakuwa mtu wa kubadili tarehe. Tulivuka naye kwenda Lubunga, kwenye treni, mume wangu amembebea furushi. Alisalimiana na mafundi wenzake wa zamani, akawaeleza kwa sauti yake kubwa habari za kujenga behewa lisilo na reli, wakacheka wote, naye akacheka zaidi. Wifi alikuwa amekwisha keti dirishani. Hakunisemesha njia nzima, nikawa nasema moyoni: Mungu, treni iondoke, niwe na mume wangu.

Filimbi ikalia. Wifi aliitoa mikono yote miwili dirishani, akanishika mimi, si ndugu yake.

"Wifi," akasema, "nilikuya kutwaa mugonjwa. Nilimutafuta ku nyumba yako, simupate. Siku utamuona, unitumie habari."

Treni ikajivuta. Mume wangu alinigusa kiwiko. "Yaya anasema nini?"

Nikainua mikono nimwambie, nikakwama. Kwetu, kwenye maporomoko, hakuna ishara ya mgonjwa. Mgonjwa hapandi juu ya magogo, hatukuwahi kumhitaji. Nikatafuta nyingine, nikaikosa, mikono ikabaki hewani mbele ya watu wote wa stesheni, na mimi niliyekuwa nikiomba treni ile iondoke ndiye niliyeanza kulia, mpaka yeye akanishika mikono yote miwili akaishusha, akasema basi, ameelewa.